Uzazi wa Mwanamume: Amri Hutoka Ubongoni, Kazi Huchukua Miezi Mitatu

Mei 2024, Gavana wa Mombasa Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, majani ya kutafunwa yanayolimwa Embu, kuingizwa na kuuzwa katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Embu ikaja juu. Gavana Cecily Mbarire na viongozi wenzake wakafika Ikulu, Rais William Ruto akasema marufuku hiyo haina nguvu kisheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha kwa muda. Siku hizo zote magazeti yalijaa hesabu za mapato ya wakulima na vilio vya wazazi wa Pwani. Swali moja halikupata nafasi kubwa, ingawa ni swali la kila kijiwe kuanzia Maua, Meru, hadi Kiritiri, Embu: majani haya yanamfanya nini mwanamume anayetaka kupata mtoto?

Majibu ya vijiweni ni mawili, na kila upande umeshikilia lake. Mmoja huapa kwamba miraa na muguka huongeza nguvu za kiume. Mwingine huapa kwamba humaliza kabisa. Pande zote mbili zinazungumzia kitanda, wakati swali linahusu mimba. Mwanamume anaweza kuwa imara chumbani na manii yake yasiwe na mbegu hata moja. Mwingine anaweza kusumbuliwa na nguvu, ilhali mbegu zake ni nyingi na nzima. Mambo haya mawili yakichanganywa, anayeumia ni mke: mume anajiona hana kasoro, basi kasoro inatafutwa kwa mwanamke, na mwanamke anazungushwa kutoka kliniki hadi kwa mganga hadi kwenye maombi, mwaka baada ya mwaka, huku mume hajapimwa hata mara moja.

Kwa hiyo tuanze pale kazi inapoanzia, yaani kichwani.

Chini ya ubongo, nyuma ya macho, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kila baada ya saa moja na nusu hivi hadi saa mbili, sehemu hiyo huachilia kiasi kidogo sana cha homoni ijulikanayo kwa kifupi kama GnRH. Haisafiri mbali. Hushuka tu hadi kwenye tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari hutia kwenye damu homoni mbili, LH na FSH. Hizi ndizo zinazoteremka hadi korodani. LH huziamsha seli za Leydig, zilizoelezwa mara ya kwanza na Mjerumani Franz Leydig mwaka 1850, nazo hutengeneza testosteroni. FSH huzihimiza seli za Sertoli, zilizoelezwa na Mtaliano Enrico Sertoli mwaka 1865. Seli za Sertoli huzishika mbegu changa, huzilisha na kuzikinga tangu zikiwa seli za duara zisizo na mkia hadi zinapofaa kuachiliwa.

Mbegu haziwezi kukomaa bila testosteroni, tena testosteroni nyingi. Ndani ya korodani kiasi chake huwa makumi ya mara zaidi kuliko kile kinachozunguka katika damu ya mwili mzima. Kumbuka jambo hili, maana tutalirudia tukifika kwenye sindano.

Mfumo huu pia unajidhibiti wenyewe. Testosteroni ikitosha, ubongo huipima katika damu na kupunguza amri. Seli za Sertoli nazo hutoa homoni iitwayo inhibini, ambayo huiambia pituitari kwamba FSH imetosha. Kazi ikilegea korodani, inhibini hupungua na FSH hupanda. Ndiyo sababu daktari anaweza kuchukua damu ya mkononi na kusoma humo hali ya kiungo kilicho mbali kabisa na sindano yake.

Mdundo wenyewe una siri ambayo kwangu ni ya ajabu. GnRH ikija kwa vipindi, pituitari huitikia. Ikimiminwa mfululizo bila mapumziko, pituitari huizoea, hunyamaza, na korodani huacha kazi. Madaktari wa saratani ya tezi dume hutumia ujuzi huo huo: humdunga mgonjwa dawa inayofanana na GnRH ili kuzima testosteroni inayoulisha uvimbe. Kuifikia elimu hii kulikuwa na jasho. Andrew Schally na Roger Guillemin, watafiti waliokuwa wakishindana vikali nchini Marekani, walichambua vipande vya ubongo wa mamia ya maelfu ya wanyama, mmoja akitumia nguruwe na mwingine kondoo. Kundi la Schally lilitangaza muundo wa GnRH mwaka 1971. Mwaka 1977 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rosalyn Yalow, mwanamke aliyebuni njia ya kupima homoni chache mno katika damu. Vipimo vya homoni vinavyofanywa leo katika maabara za Meru na Embu ni matunda ya njia aliyoifungua Yalow.

Sasa hesabu ya muda. Tangu seli ya mwanzo ianze kugawanyika hadi mbegu iwe na kichwa na mkia, zinapita siku 74 hivi. Kisha mbegu hupita katika epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa hufika karibu mita 6, na huko hutumia majuma mawili hivi zikijifunza kuogelea. Jumla ni karibu miezi mitatu. Mkulima wa maharagwe wa Imenti au Manyatta anaifahamu kalenda hii bila kuelezwa: kinachovunwa leo kilipandwa msimu ulipoanza, na ukame wa katikati utaonekana kwenye gunia.

Maana yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanamume aliyeugua homa kali Januari anaweza kupimwa Machi akaambiwa mbegu zake ni chache na dhaifu, kumbe Juni angepimwa asingekuwa na tatizo. Kwa sababu hiyo daktari makini hamhukumu mtu kwa kipimo kimoja. Humwita tena baada ya muda. Na mwanamume anayeacha sigara, anayepunguza pombe au anayeanza matibabu asitarajie mabadiliko juma lijalo. Ajipe miezi mitatu, ikiwezekana zaidi, ndipo arudi maabara.

Twende sasa Nyambene, kule Meru. Katika Igembe na Tigania, wachumaji wa miraa hupanda kwenye miti mapema, wakachuma vijiti vichanga vyenye ngozi nyekundu. Vijiti hupangwa kwa urefu na ubora, vikafungwa vibunda kwa nyuzi, kisha vikavikwa majani ya migomba mabichi ili visinyauke. Pikapu huondoka Maua kwa kasi inayowatisha wote wanaokutana nazo barabarani. Haraka hiyo ina sababu ya kikemia. Katika majani mabichi kuna kathinoni, kemikali iliyotambuliwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, ambayo huufanya ubongo uachilie dopamini kwa namna inayokaribia ile ya amfetamini. Jani likikauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ina nguvu ndogo zaidi. Siku mbili tatu zikipita, stimu zimekwisha na mzigo umepoteza bei. Upande wa Mbeere, kule Embu, wakulima huchuma majani machanga yenyewe, na hayo ndiyo muguka. Ni mmea ule ule, *Catha edulis*, na kemikali ni zile zile.

Dopamini hiyo inahusiana vipi na uzazi? Inahusiana moja kwa moja. Dopamini ndiyo inayoizuia pituitari isitoe prolaktini kupita kiasi, na prolaktini ikizidi huvuruga amri za GnRH. Kwa hiyo dawa yoyote inayochezea dopamini inachezea chumba kile kile ambamo amri za uzazi hutolewa. Hapo ndipo wanasayansi wa Kenya walipoingilia, na kazi yao haijulikani vya kutosha katika kaunti ambazo inazihusu zaidi.

Jason Mwenda na wenzake katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Nyani, iliyokuwa wakati huo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, waliwapa nyani dume dondoo la miraa na kuwapima damu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2006, yalionyesha testosteroni ikipanda, prolaktini ikishuka, na kotisoli, homoni ya msongo, nayo ikishuka. Ukiishia hapo, wanaosifu miraa wameshinda. Lakini Albert Nyongesa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwapa sungura dume dondoo la miraa na wakapata kinyume: LH ikashuka, testosteroni ikashuka, kotisoli ikapanda. Hayo yalichapishwa mwaka 2008. Ukiishia hapo, wanaoilaumu wameshinda.

Kazi nyingine ya kundi hilo la Nairobi, iliyotoka mwaka 2007, inasaidia kuelewa mkanganyiko huu. Walichukua seli za korodani za panya, zile zinazotengeneza testosteroni, wakaziweka kwenye vyombo vya maabara na kuzitilia dondoo la miraa kwa viwango tofauti. Viwango vidogo vilizichochea seli zitoe testosteroni zaidi. Viwango vikubwa vilizizima. Mmea mmoja, seli za aina moja, majibu mawili, na tofauti ni kiasi tu.

Kuhusu binadamu, utafiti unaotajwa sana ni wa mwaka 1995 uliolinganisha manii ya Wayemeni 65 waliozoea kutafuna na wengine 50 wasiotafuna. Watafunaji walikuwa na manii machache, mbegu pungufu, mwendo hafifu, na chini ya hadubini ya elektroni mbegu nyingi zilikuwa na vichwa na mikia iliyoharibika. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliotafuna miaka mingi. Ni haki kuongeza kwamba watafunaji wengi pia huvuta sigara, na sigara hudhuru mbegu hata mtu asipotafuna. Miaka kumi baadaye, mwaka 2005, watafiti wa King's College London walichapisha matokeo kwamba kathini iliharakisha ukomavu wa mwisho wa mbegu, ule unaoziwezesha kuingia kwenye yai. Habari ilienea upesi kwamba miraa inaongeza uzazi. Waliofurahia habari hiyo hawakusoma mbele: zilikuwa mbegu ndani ya vyombo vya maabara zikitiwa kiasi kidogo cha kemikali moja. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akitafuna kutoka adhuhuri hadi usiku wa manane.

Nikiupima ushahidi huu wote, hukumu yangu ni hii. Hakuna ushahidi wa kumwambia mzee wa Igembe anayetafuna vijiti vichache akizungumza na wageni wake kwamba amejifunga uzazi. Pia hakuna ushahidi wa kumuuzia kijana muguka kama dawa ya kupata mtoto. Ila kwa anayetafuna kila siku, kwa saa nyingi, kwa miaka, dalili zote zilizopo zinaelekea upande mmoja, nao ni wa hasara. Kijana wa namna hiyo anayetafuta mtoto akiacha kwa miezi mitatu hatapoteza chochote.

Na kuna njia nyingine ambayo muguka humfikia mwanamume, nayo haitajwi mara nyingi: usingizi. Testosteroni hupanda mtu anapolala, ndiyo maana huwa juu alfajiri na madaktari hutaka ipimwe asubuhi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapunguzia usingizi vijana 10 wenye afya, wakalala saa 5 kwa usiku kwa juma moja tu. Testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Sasa mfikirie dereva wa pikapu ya miraa, au mlinzi wa usiku mjini Embu, au mwendesha bodaboda anayetafuna ili asisinzie, ambaye hali hiyo ndiyo maisha yake ya mwaka mzima. Dereva ana mzigo wa ziada. Korodani zimening'inia nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na kukaa kwenye kiti cha gari kwa saa nyingi bila kuinuka huzipandisha joto.

Nimesema tutarudi kwenye sindano. Katika kumbi za kunyanyua vyuma na katika baadhi ya maduka ya dawa, testosteroni inauzwa kwa vijana kama njia ya kuwa mwanamume zaidi. Wengine hutumia wakiamini wataongeza mbegu. Ukweli ni kinyume kabisa. Testosteroni ya sindano ikijaa kwenye damu, ubongo unahesabu kwamba kazi imekwisha. Hukata GnRH, pituitari hukata LH na FSH, na korodani, ambazo zilihitaji testosteroni makumi ya mara zaidi ndani yake zenyewe, hubaki kavu. Shirika la Afya Duniani lililijaribu jambo hili kama njia ya kupanga uzazi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 katika nchi 7 walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila juma. Ndani ya miezi 6, wanaume 157 walikuwa hawana mbegu hata moja kwenye manii. Misuli ilikuwepo, hamu ilikuwepo, mbegu hazikuwepo. Wengi hurudi katika hali yao baada ya kuacha, lakini kurudi huko huchukua miezi, na kwa aliyetumia dozi kubwa kwa muda mrefu kunaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Kijana anayetaka mtoto asikubali sindano hiyo kutoka kwa yeyote, hata kama amevaa koti jeupe, kabla ya kupimwa manii na homoni.

Wakulima wana hatari yao. Mwaka 1977, katika kiwanda cha kemikali huko Lathrop, California, wafanyakazi walianza kuambiana jambo ambalo wanaume hawaambiani kwa urahisi: kwamba wake zao hawapati mimba. Walikuwa wakitengeneza DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongoni. Waliomba kupimwa. Wengi walikutwa na mbegu chache mno au hawana kabisa, na FSH yao ilikuwa juu, ishara kwamba ubongo ulikuwa ukipiga kelele na korodani haziitiki. Marekani iliizuia dawa hiyo kwa sehemu kubwa mwaka 1979, lakini ilikuwa imekwisha kutumika katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, ambako maelfu ya vibarua walifungua kesi wakidai fidia. Kilichowaokoa waliowahi kuokolewa ni kwamba wanaume walizungumza wao kwa wao. Anayepulizia kahawa, nyanya au mishiri ya Mwea na Mbeere bila glavu na barakoa, kisha akanawa mikono tu na kukaa mezani, anastahili kuisikia habari hii.

Kuna sababu nyingine nitazipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo, ila zimeandikwa sana. Kisonono na klamidia zisipotibiwa mapema huziba mirija ya kupitisha mbegu, na uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba maambukizi yalichangia ugumba barani Afrika kuliko penginepo. Matumbwitumbwi yakimpata kijana baada ya kubaleghe yanaweza kushambulia korodani. Mishipa iliyovimba juu ya korodani, ambayo wengi huishi nayo bila kujua, hupandisha joto na hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Pombe nyingi hupunguza testosteroni na kuchosha ini.

Kipimo chenyewe si cha kuogopwa. Mwanamume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Maabara humpa kikopo safi chenye jina lake na chumba cha faragha. Manii yakitoka huganda kwanza, kisha yakikaa kwenye joto la mwili huyeyuka ndani ya nusu saa hadi saa moja. Mtaalamu huchukua tone, akaliweka kwenye kioo chenye miraba iliyochorwa, akaingiza chini ya hadubini na kuanza kuhesabu, mraba kwa mraba. Mbegu nyingine zinaogelea moja kwa moja kama zenye safari. Nyingine zinajizungusha pale pale. Nyingine zimetulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka mpaka wa chini wa mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla milioni 39, asilimia 42 zikiwa na mwendo, na asilimia 4 zikiwa na umbo kamili. Ndiyo, asilimia 4. Wanaume wengi hushtuka kuambiwa mbegu zao nyingi zina umbo lenye kasoro, ingawa hali hiyo ni ya kawaida kwa binadamu. Na viwango hivi vilipatikana kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12. Aliye chini yake kidogo hajahukumiwa kuwa mgumba.

Mbegu zikikosekana kabisa, hapo ndipo homoni zinaposema mengi. FSH ikiwa juu sana, korodani zimeshindwa kazi ingawa amri inafika. FSH ikiwa ya kawaida na korodani zina ukubwa wake, huenda mbegu zinatengenezwa lakini njia imeziba, na daktari wa upasuaji anaweza kusaidia. FSH na LH zikiwa chini zote mbili, korodani hazina kosa lolote. Amri haijafika kutoka kichwani. Hali hii ya tatu si ya kawaida, lakini ndiyo inayotibika vizuri kuliko zote: mwanamume hupewa sindano za homoni zinazochukua nafasi ya LH na FSH, na baada ya miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka, mbegu huanza kuonekana. Wengine wa kundi hili hawakubaleghe sawasawa na tena hawanusi harufu yoyote tangu kuzaliwa. Sababu ni kwamba seli za GnRH huanzia puani mtoto akiwa tumboni, kisha huhamia ubongoni zikifuata neva za kunusa. Njia ikiharibika, vyote viwili hukosekana. Kijana wa miaka 20 asiyeota ndevu na asiyejua harufu ya kahawa inayokaangwa ana ugonjwa wenye jina na matibabu, na inauma kumwona akipelekwa kwa mganga.

Zipo njia za juu zaidi. Tangu mwaka 1992 madaktari wanaweza kuchukua mbegu moja tu na kuidunga ndani ya yai, ufundi ulioanzia Brussels. Watoto wa kwanza wa kutungishwa maabara nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, chini ya uangalizi wa Dkt. Joshua Noreh. Gharama yake ni mzigo kwa mkulima wa kawaida. Ndiyo maana inanichoma kuona mtu akiuza shamba kwa ajili ya matibabu makubwa ya mke kabla ya mume kufanyiwa kipimo kimoja cha asubuhi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba wakati fulani maishani mwake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, mwanamume anachangia, peke yake au pamoja na mkewe. Kwa hesabu hiyo, kumpima mke pekee ni kuacha nusu ya swali.

Meru ina wazee wa Njuri Ncheke, ambao neno lao bado lina uzito katika nyumba nyingi. Meru na Embu zote zina makanisa ambayo wachungaji na mapadri wake husuluhisha ndoa kila juma. Ninawaomba hawa wote, kesi ya ndoa isiyo na mtoto ikiletwa mbele yao, waulize kwanza: mume amepimwa? Kama hajapimwa, shauri liahirishwe hadi apimwe. Na kwa wanandoa wenyewe: mwaka mmoja ukipita bila mimba, au miezi 6 ikiwa mke amefikisha miaka 35, nendeni hospitali pamoja. Mume atangulie maabara.